Ratili Mia Nane

Kila Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa nawapigia simu wakulima ishirini na tisa na kuwauliza swali moja: wiki tatu zijazo utavuna nini, na ratili ngapi? Na kila Jumatatu wote ishirini na tisa walinidanganya. Sisemi kwa ubaya. Kwetu huku Karibea mtu mwenye akili timamu hatangazi mazao ambayo bado yako shambani. Ukiyataja, jicho la husuda litayafikia kabla ya jua, na jicho likikosa, hakosi mwizi wa kuja na gunia lake siku moja kabla yako. Kwa hiyo nyanya zinaweza kuzaa mpaka matawi yakavunjika kwa uzito, na mwenye shamba atakwambia, "Vipo vipo kidogo tu."

Alcide Fontenelle alikuwa bingwa wao wote. Nilimwita Mjomba Alcide ingawa hatukuwa na damu moja. Kijijini kwetu kila mwanamume aliyewahi kucheza dhumna na baba yako ni mjomba. Alikuwa mrefu, mkavu, na shati lake lilifungwa vifungo mpaka shingoni hata wakati wa joto kali. Alilima ekari tatu juu ya mlima, mahali ambapo siku isiyo na ukungu unaiona Martinique. Katikati ya shamba alikuwa amechomeka kijiti chenye chupa ya buluu ya kuzuia jicho. Niliwahi kumwuliza kama anaiamini. Alisema yeye haiamini hata kidogo, ila jirani yake ndiye anayeiamini, na hilo linatosha.

Alizaliwa enzi za ndizi. Akiwa na miaka kumi na miwili alishusha mikungu kichwani kutoka mlimani hadi kwenye kibanda cha kufungashia, na kufika ishirini na mbili alikuwa na migomba yake mwenyewe. Meli ilikuja kila Jumanne kuchukua ndizi za kupeleka Uingereza, na Jumatano hapakuwa na mtu kijijini asiye na hela mfukoni. Kisha wakubwa wa dunia wakashtakiana huko mbali, wakasema si haki Waingereza kutupendelea sisi wadogo. Meli ikaanza kuja kila wiki mbili, halafu kila mwezi, halafu basi. Watu wakateremka pwani kuomba kazi mahotelini, na Alcide naye akateremka.

Alidumu siku kumi na moja. Walimwajiri kutunza bustani, na siku ya kumi na moja mkuu wake akagundua kwamba katikati ya maua, mbele kabisa ya madirisha ya wageni, Alcide alikuwa amepanda magimbi. Alipoulizwa alijibu kwamba udongo ule ulikuwa mzuri mno kuachiwa vitu visivyolika. Hadithi hiyo ilichekwa kwenye baa zote za upande wetu kwa mwaka mzima, na yeye mwenyewe aliisimulia kuliko wote. Akarudi mlimani, akang'oa migomba, akapanda nyanya za kuwauzia watu walewale waliomfukuza.

Hapo ndipo kazi yake na kazi yangu zilipokutana. Wakubwa hupenda kusema kwamba kisiwa chetu kinaishi kwa utalii, na ni kweli pesa zinaingia. Shida ni kwamba hazikai. Mgeni analalia godoro la nje, anakula kuku wa Miami kwa saladi ya Miami, anakunywa maji yaliyovuka bahari ndani ya chupa, na sisi tunalipia vyote hivyo kwa dola zilezile alizotuachia. Dola inashuka na ndege Jumamosi, na Alhamisi inapanda meli ya makontena kurudi ilikotoka. Ofisi yetu iliwekwa ili kuishika dola hiyo mkono isiondoke haraka, walau upande wa mboga. Sheria ilisema hoteli haziruhusiwi kuagiza nyanya nje mpaka sisi tuthibitishe kwamba za wakulima wetu hazitoshi. Zikitosha, kibali hakitoki. Zikipungua, kinatoka kwa kiasi kilichopungua. Simu zangu za Jumatatu ndizo zilizoamua.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Evariste, aliyepiga simu hizo kwa miaka ishirini na miwili kabla yangu. Siku ya kwanza alinikalisha pembeni nimsikilize. Mkulima akasema mia tatu, na yeye bila kupepesa macho akaandika mia sita. Mwingine akasema mia mbili, akaandika mia nne. Nilidhani masikio yangu yana kasoro. Alipomaliza orodha alikifunga kitabu, akaniambia kwa sauti ya kawaida tu, "Andika mara mbili, kisha nyamaza." Hakunieleza zaidi, na sikuhitaji maelezo, maana baba yangu naye alikuwa mkulima. Hesabu za Evariste zilikaribia ukweli kuliko karatasi nyingine yoyote iliyotoka serikalini. Alipostaafu nilizidisha kama yeye kwa miaka mitatu, na nyanya hazikupungua wala kuzidi.

Kisha mwezi wa kumi tukaletewa mkuu mpya, kijana msomi, mpole, aliyesomea nje mambo ya takwimu. Aliviingiza vitabu vyetu vyote kwenye kompyuta, na wiki ya pili akaniita. Alitaka kujua kwa nini kwa miaka ishirini na mitano hakuna mkulima hata mmoja aliyewahi kuvuna ratili mia tatu, wala mia tano, wala mia saba. Kila mtu mia mbili, mia nne, mia sita. Nikamweleza. Alicheka sana, halafu kicheko kikakatika. Alisema vitabu hivyo vinasomwa na watu wa benki kubwa wanaotukopesha, na kwamba kuanzia siku hiyo niandike kile ninachoambiwa na si kingine. Akaongeza kwamba habari ya kuzidisha isitoke nje ya chumba kile, kwa sababu ikitoka itaonekana ofisi imepika hesabu kwa robo karne.

Nilimwelewa. Nilikuwa na mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na mwenye kuusaini upya alikuwa yeye. Niliwaambia wakulima kwenye simu, tena zaidi ya mara moja, "Semeni kweli jamani." Lakini hata Evariste alikuwa akiwaambia hivyo kila Jumatatu, nao walicheka kama walivyocheka siku zote. Sentensi niliyopaswa kuisema ilikuwa fupi tu: tumeacha kuzidisha. Sikuisema. Nilijipa moyo kwamba wao hawajui kama tulikuwa tunazidisha, kwa hiyo hakuna cha kuwaambia.

Sasa nieleze kuhusu ule mlima, kwa sababu haukuwa wa Alcide peke yake. Ulikuwa ardhi ya ukoo. Mama yao alipofariki ulibaki kwa watoto wawili, Alcide na dada yake mkubwa Leonise, bila kugawanywa, kama tunavyofanya huku. Leonise aliondoka akiwa na miaka kumi na tisa kwenda Uingereza, akafanya kazi ya uuguzi huko mpaka magoti yakachoka. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu hadithi za ndugu na ardhi hutafuta mbaya wao. Mwaka ule mtu mmoja anayejenga nyumba za kupangisha watalii, zile zenye bwawa la kuogelea kila mlango, aliuona mlima, akaupenda, akampata Leonise kwa simu na kumtajia bei. Leonise alikuwa anaishi kwenye fleti ya ghorofa ya nne isiyo na lifti.

Ndugu wale walibishana kwenye simu mwezi wa nane mzima. Mwishowe dada alisema hivi: nionyeshe msimu mmoja. Hoteli zikinunua mazao yako msimu huu, nikaona kwamba ardhi ya mama inamlisha mtu, mlima hatuuzi mpaka tufe sote wawili. Zisiponunua, utasaini. Alcide alikubali. Alinisimulia haya mwenyewe, ameketi kwenye benchi la nje ya ofisi yetu akimenya chungwa kwa kisu, na hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa ameshapanda nyanya nyingi kuliko mwaka wowote. Hilo hakunitajia, bila shaka. Nilikuja kulijua baadaye.

Jumatatu ya mwisho kabla ya Krismasi, ya kwanza kwa nyanya za msimu ule, nilimpigia Alcide. Nilimsalimu, tukaulizana hali, akanitania kwamba sauti yangu imenenepa, kisha nikamwuliza kuhusu nyanya.

"Vipo vipo," alisema.

"Vipo vingapi, Mjomba?"

"Binti, wewe nawe! Andika mia nane, mchumo wa kwanza, wiki ya pili ya Januari. Usinichoshe."

"Sema kweli."

"Kweli ndiyo hiyo. Mia nane. Mbona leo unakaba hivyo, umeolewa na polisi?"

Kichwani niliandika elfu moja na mia sita. Mkono uliandika mia nane. Nikampigia aliyefuata kwenye orodha. Jioni mkuu wetu alijumlisha. Hoteli zilihitaji ratili elfu nane kwa wiki ile, wakulima walikuwa wametaja elfu nne na mia moja. Kibali cha kuagiza zilizobaki kilisainiwa siku iliyofuata, na meli ikatia nanga Alhamisi ya kwanza ya mwaka.

Wiki ya pili ya Januari majirani sita walipanda mlimani kumsaidia Alcide kuchuma. Ndiyo desturi yetu: wewe unapika chungu kikubwa cha ndizi mbichi na samaki wa chumvi, wao wanakupa mikono yao, na kesho ni zamu yako kwa mwenzako. Saa nne asubuhi kreti zilikuwa zimepangwa kando ya barabara, zimefunikwa kwa majani. Alcide alikaa juu ya jiwe kulisubiri lori la hoteli. Majirani walikula, wakaosha vyombo, wakaondoka mmoja mmoja. Lori lilikuja saa saba. Dereva alipakia kreti za ratili mia nne, akasema ndizo alizoagizwa, stoo ya baridi imejaa za kontena na ndizo zitakazoliwa kwanza, nyingine labda mwezi ujao. Mjomba alimwambia asubiri kidogo, apige simu. Dereva hakuzima hata injini.

Alipiga simu hotelini, mnunuzi akamthibitishia. Alizipeleka nyanya sokoni Jumamosi, akawakuta wakulima wengine ishirini na wanane na nyanya zao. Mezani kwa kila mama pale sokoni kulikuwa na nyanya. Bei ilianguka kabla ya saa tatu, na kwa Jumamosi mbili aliambulia kuuza nyingine mia nne kwa bei ya kutupa, zikapimwa getini na kuandikwa. Zilizobaki alizigawa: shule, kanisa, wajane, nguruwe wa jirani. Na huko mlimani mchumo wa pili ulikuwa unaiva, na wa tatu nyuma yake, na hapakuwa na mtu wa kuuchukua.

Nilikwenda mwisho wa mwezi. Harufu niliikuta barabarani kabla sijaliona shamba. Nyanya zilikuwa zimedondoka chini ya mashina, zimepasuka, nyekundu na nyeusi, nzi wamezizonga, na nyingine bado zinaning'inia zikiwa zimelegea. Alcide alikuwa barazani, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alinipa kiti, akaniletea kikombe cha chai ya kakao, akakaa. Laiti angenifokea. Nilikuwa nimejiandaa kufokewa njia nzima, hata majibu nilikuwa nayo.

"Nikuulize kitu," alisema.

"Uliza, Mjomba."

"Mwaka huu hamkuzidisha?"

Nilijifanya sikuelewa. Nilimwuliza kuzidisha nini.

"Usinifanye mtoto," alisema, taratibu kabisa. "Evariste alikuwa anazidisha. Nikimwambia mia tatu, lori linakuja na kreti za mia sita. Miaka ishirini na miwili. Mlidhani sisi hatujui kuhesabu kreti?"

Aliendelea kunieleza, bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mchumo wa kwanza ulikuwa na elfu moja na mia sita, alikuwa ameupima kwa jicho na jicho lake halikosei. Akagawa kwa mbili, akanipa mia nane. Wote walifanya hivyo. Kumtajia mtu nambari kamili kwenye simu ni kutafuta balaa, lakini nusu yake inaweza kutamkwa bila madhara, na ofisi inajua cha kufanya. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tumeelewana, wao na sisi, bila mtu kusema. Kwa miaka yote niliyodhani ananidanganya, hakuwahi kunidanganya hata ratili moja.

Nikamwambia kweli. Nilimweleza kuhusu mkuu mpya, kompyuta, na amri ya mwezi wa kumi. Alihesabu kwa vidole: mwezi wa kumi, wa kumi na moja, wa kumi na mbili. "Jumatatu ngapi hizo?" aliniuliza. Zilikuwa kumi. Chai niliiacha nusu.

Leonise aliwasili Februari, akiwa na fimbo na koti la baridi mkononi ambalo hakulihitaji. Alipanda mlimani, akaona mashina yaliyokauka na ardhi iliyojaa mbegu na uvundo. Alcide alimweleza kuhusu kontena. Alimwambia ardhi ilizaa elfu moja na mia sita kwa mchumo mmoja, michumo mitatu, na kilichokosekana si mazao bali lori. Dada yake alifikiri siku mbili. Halafu akasema jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwalo: kama kweli ardhi ya mama ilizaa kiasi hicho, basi kosa si la ardhi wala la Alcide, na yuko tayari kusubiri mwaka mwingine. Ila alitaka kulisikia kwa mtu mwingine. Kwa Alcide alikuwa amesikia "vipo vipo" kwa miaka arobaini.

Kwa hiyo walikuja ofisini, Jumatano, saa tano. Alcide alikuwa amevaa suti ya mazishi. Leonise alikaa mbele ya meza yangu, akaweka fimbo kwenye mapaja, akaniomba kwa adabu nimsomee kile kilichoandikwa kuhusu shamba la kaka yake. Mkuu wetu alitoka chumbani kwake aliposikia kuna mgeni kutoka Uingereza, akasimama nyuma yangu. Nilifungua kompyuta.

"Nyanya, mchumo wa kwanza," nilisoma, "ratili mia nane. Zilizouzwa, mia nane."

"Na michumo mingine?"

"Haikutajwa."

Alcide alisema hazikuwa mia nane, zilikuwa mara mbili. Leonise hakumgeukia. Alinitazama mimi, macho ya mtu aliyewasikiliza wagonjwa miaka arobaini na anajua nani anaficha maumivu.

"Wewe ulifika kule juu?"

"Nilifika, mama."

"Uliona nini?"

Nilisikia mkuu akihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Kama ningesema niliona maelfu ya ratili yakioza, swali ambalo lingefuata lilikuwa kwa nini kitabu kinasema mia nane, na jingine nyuma yake, nani aliyesaini kibali. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi wa tatu. Nina mama mgonjwa na nyumba isiyo na mtu mwingine wa kuingiza mshahara. Haya yote niliyafikiri kwa muda wa pumzi moja, na ninayaandika hapa si kwa kujitetea.

"Niliona nyanya," nilisema. "Sikuzipima."

Nilimtazama Mjomba Alcide, nikiamini kabisa kwamba sasa atasema yote, Evariste, kuzidisha, zile Jumatatu kumi, na nilitamani ayaseme ili mimi nisiwe mwenye kuyasema. Yeye akainuka, akafungua kifungo cha juu cha shati, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Twende, Leonise," alisema. "Mwache binti wa watu. Mia nane nilisema mimi mwenyewe."

Dada yake alimwuliza kama ana hakika. Akajibu kwamba kilichoandikwa ndicho alichokitamka, na kwamba alishatoa neno lake mwezi wa nane. Alimshika mkono akamsaidia kushuka ngazi, maana ngazi zetu ni mbaya. Mkuu alinigusa bega, akasema nimejibu vizuri.

Walisaini mwezi wa tatu. Mwezi wa nne mashine zilipanda mlimani, zikaanza na kisima, kisha miti ya matunda, kisha nyumba. Alcide alipewa chumba kwa binamu yake mjini, karibu na bandari, na huko akakaa. Nilimwona mara moja tu, ameketi nje ya duka, na mfuko wa plastiki wenye nyanya miguuni pake. Zilikuwa zile za Miami, ngumu, za ukubwa mmoja. Nilimsalimu, akaniitikia, akaniuliza mama anaendeleaje. Aliniuliza kwa moyo safi, na nilishindwa kusimama pale.

Mkataba wangu ulisainiwa upya. Mwezi wa tano tulitakiwa kujaza ripoti ya mwaka, na mwaka ule ulikuwa mzuri kuliko yote tangu hesabu zianze kuwekwa. Wageni walivunja rekodi, na mlima ule uliingia upande wa mapato, kama fedha za nje zilizowekezwa kwenye utalii. Kazi yangu ilikuwa ukurasa wa hasara za wakulima. Kanuni yake ni rahisi: unachukua kiasi mkulima alichotaja, unatoa alichouza, kinachobaki ndicho kilichoharibika. Nilikwenda jina kwa jina mpaka nikafika kwa Fontenelle, Alcide. Alitaja mia nane. Aliuza mia nane. Niliandika sifuri, nikaenda jina linalofuata.